Bima hatuna: safari yetu ya presha, kutoka spitali ya kulipia hadi kituo cha shehia

Kwanza tunaomba radhi kwa nyinyi mliochelewa kupata nguo zenu za Idi. Wengine mlisema sana na haki mlikuwa nayo, mtu kalipa nusu ya pesa tangu Shaaban anakuja mwezi 28 Ramadhani anakuta dera lake halina mikono. Leo tunakuelezeni kilichotokea, maana mwenyewe ametupa ruhusa, kwa sharti moja tu kwamba tusimtaje jina.

Sisi ni watatu kwenye kibanda chetu. Mmoja ni wa mkasi, yeye anapima na kukata. Mmoja ni wa ovaloki. Na huyu anayeandika ni wa cherehani ya mbele, ile wapita njia wanayoiona. Tulikutana kwenye kozi ya ushoni tulipomaliza skuli, na tangu hapo tumeolewa, tumezaa, tumeachwa, tumeolewa tena, tumehamishwa vibanda mara mbili, na bado tuko pamoja. Kwa hiyo tukisema "sisi" humu ndani msituulize nani hasa. Likimpata mmoja limetupata.

Ilianza katikati ya Shaaban, wakati ambao fundi wa kike hana muda hata wa kujikuna. Wa ovaloki alipitisha uzi upande wa nje wa dera. Tukacheka. Akarudia dera la pili, na la tatu, tukaacha kucheka. Akasema anaona vimulimuli na kisogo kinamgonga kama mtu anatwanga. Mikono yake ilikuwa baridi. Tukaogopa, na mtu akiogopa hatafuti rahisi, anatafuta karibu. Tukaita gari, tukampeleka spitali moja ya kulipia ambayo tunapita mlangoni pake kila siku na kuisifia kwa viyoyozi.

Pale mapokezi dada akatuuliza kwa adabu kabisa, "Bima gani?"

Tukatizamana. Bima gani sisi? Ule Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ulianza na watumishi wa umma mwaka 2023, na mtumishi ana mshahara unaokatwa na mwajiri anayepeleka. Sisi mwajiri wetu ni nyinyi, na nyinyi wenyewe mnalipa kwa awamu. Tukasema tunalipa taslimu.

Kuandikishwa na kumuona daktari elfu 30. Vipimo elfu 57. Dawa za siku kumi, kwenye boksi zuri lenye picha ya moyo, elfu 42. Jumla 129,000. Hatusemi tuliibiwa, hapana, walitupokea vizuri na daktari alikuwa mpole. Alisema presha imepanda, 178 kwa 112, na kwamba mwenzetu akimaliza dawa arudi. Tunachosema ni kwamba zile zilikuwa pesa za mchezo, tuliokuwa tukiuwekea mashine ya kutoboa matundu ya vifungo, na zilipopungukiwa tukachukua na arubuni ya mteja wa sare za harusi. Huyo bibi harusi akisoma hapa ndio atajua kwa nini bitana yake ilichelewa wiki mbili.

Dawa zikesha. Siku ya kumi na moja wa ovaloki akaja kazini anaimba, kichwa hakiumi, macho safi. Tulipomuuliza kuhusu kurudi kwa daktari akasema, "Nishapona." Hatukujua wakati ule kwamba moyoni alikuwa anahesabu: elfu 30 ya kumuona daktari tu, kabla hujaambiwa kitu. Aliona haya kutuomba tena. Badala yake akawa anakwenda duka la dawa na kipande cha lile boksi, ananunua vidonge vinne, vitano, pesa ikiwepo. Ikikosekana hanywi. Mara moja jirani alimpa viwili vya mama yake. Vya kitu gani, Mungu anajua.

Presha haikuumizi ikuambie niko hapa. Hilo tumejifunza kwa gharama. Mtu anaweza kutembea nayo miaka, anafua, anapika, anacheza msondo harusini, kumbe mishipa inalika ndani. Kichwa kuacha kuuma si kupona.

Ramadhani ikaingia. Tisa mosi tukafika kazini saa mbili asubuhi tukamkuta amekaa sakafuni chini ya meza ya kukatia, ameegemea mguu wa meza, anasema anapumzika tu. Maneno yalikuwa yanamtoka mazito. Bahati, na tunasema bahati lakini tunajua ni nani mpangaji, asubuhi ile mteja wetu mmoja alikuja kuchukua baibui. Ni muuguzi. Alimtizama mara moja akaweka mkoba chini. Akatuuliza presha yake mara ya mwisho kupimwa lini. Tukamwambia kisa chote mpaka 129,000. Akatusikiliza, halafu akauliza swali ambalo mpaka leo linatutia haya.

"Na kituo cha afya hapo nyuma ya msikiti, mlikwenda wakasemaje?"

Hatukwenda. Kituo kiko hatua labda mia tatu kutoka kibandani. Watoto wetu wote saba, ukijumlisha wa watatu sisi, wamepimwa uzito pale na kuchanjwa pale. Mimba zetu zote kadi zake zimefunguliwa pale. Lakini kwenye akili zetu kituo kilikuwa cha mimba na watoto wachanga. Mtoto akishamaliza chanjo na wewe umemaliza. Haikutupitikia hata siku moja kwamba mwanamke wa miaka 36 asiye na mimba anaweza kuingia mlango uleule akasema, jamani naumwa kichwa.

Na kwenye hayo kulikuwa na mengine ambayo si ya kutojua. Tulikuwa tunasema dawa hazipo. Tulikuwa tunasema foleni. Tulikuwa tunasema pale utakutana na mke mwenza wa jirani na jioni mtaa mzima utajua unaumwa nini. Na tuseme kweli, kulikuwa na kiburi kidogo. Mfanyabiashara mwenye kibanda chake kukaa benchi la bure? Mama zetu hawakuwa na kiburi hicho. Serikali ilitangaza matibabu bure visiwani baada ya Mapinduzi ya 1964, na wao walikwenda na vikapu vyao bila kujieleza kwa mtu. Sisi ndio tumekuja kuamini kwamba kisicholipiwa hakina maana.

Tulimpeleka kwa miguu, mmoja kila upande. Cha kwanza tuliambiwa tununue daftari, lile la skuli la kurasa chache, tukalinunua duka la nje shilingi 500. Ndio faili lako hilo, unarudi nalo nyumbani na kuja nalo tena. Walipoona hali yake hawakumweka foleni. Mashine ikasoma 186 kwa 114. Wakampima sukari kwa kumchoma kidole, wakampima mkojo, wakamuuliza mimba ya mwisho ilikuwaje. Hapo wa ovaloki akakumbuka kwamba mimba ya mwisho miguu ilimvimba na presha ilipanda, akajifungulia spitali kwa wasiwasi mkubwa, na baada ya hapo hakupimwa tena miaka minne. Yule muuguzi wa kituo akasema mwanamke aliyepandisha presha kwenye mimba anatakiwa kuangaliwa baadaye pia, maana iko hatari kubwa zaidi kwake kuipata ukubwani. Hakuna aliyetuambia. Au alituambia na sisi tulikuwa tunamtizama mtoto.

Kituo hakikumbakisha. Walimwandikia rufaa ya spitali ya wilaya, na hii ni jambo ambalo dada zangu mlijue: ile karatasi ina kazi. Ngazi zenyewe ndizo hizo, kituo, kisha wilaya, kisha ikibidi Mnazi Mmoja. Ukija na rufaa wanajua umetoka wapi na umepewa nini. Wilaya walimlaza kitandani mpaka adhuhuri, wakashusha presha taratibu, wakamwandikia dawa mbili, amlodipini na nyengine ya kukojoza maji. Dawa akapewa palepale. Tulichotoa siku ile ni daftari na nauli ya daladala kurudi.

Daktari wa wilaya akamwambia asifunge kwa muda, mpaka presha ikae sawa, halafu arudi waangalie.

Hapa ndipo tulipopata kazi kubwa kuliko foleni yoyote. Wa ovaloki alilia. Hakulia kwa kichwa wala kwa kuogopa kufa. Alilia kwa sababu hajawahi kula mchana wa Ramadhani isipokuwa kwa ada yake ya mwezi, na alikuwa anajiona ametolewa kwenye mwezi kama mtu anavyotolewa kwenye shughuli. Tukamwambia ruhusa ya mgonjwa imo katika Kitabu chenyewe na hakuipewa na daktari. Anaijua. Mtoto wa madrasa anaijua. Kujua ni kitu kimoja na kunywa maji saa sita mchana mbele ya wenzako wanaokaukwa midomo ni kitu chengine.

Basi wa mkasi, ambaye kusema ukweli ndiye aliyekuwa ananung'unika sana kuhusu zile 129,000, alichukua kitenge kilichobaki kwenye oda ya mtu, tutakilipa, akakipiga pindo na kutundika pazia pembeni mwa ovaloki. Nyuma ya pazia kukawa na chupa ya maji, sahani na kawa. Akamwambia, "Hapo si unakula. Hapo unakunywa dawa." Siku kumi na moja alikaa nyuma ya pazia lile. Aliporudi wilayani presha ilikuwa imeshuka na daktari akamruhusu kujaribu kufunga, dawa moja akinywa wakati wa futari na nyengine wakati wa daku, na akiona vimulimuli tu afungue hapohapo. Saa za dawa alizipanga daktari. Tunalisema hili kwa herufi kubwa maana tunawajua mashoga zetu, kila mwaka wako wanaojipangia dawa wenyewe Ramadhani, wanaunganisha vidonge viwili wakati wa futari, wengine wanaacha mwezi mzima kisha wanaanguka Idi mosi. Nenda kaulize kabla mwezi haujaandama. Siku zake kumi na moja wa ovaloki amezilipa, ya mwisho ameilipa mwezi uliopita.

Sasa tusije tukakuuzieni kituo kama tunavyokuuzieni vitambaa. Bure si rahisi. Foleni ipo, ukifika saa moja asubuhi unatoka saa nne, ukifika saa tatu unaweza kutoka adhuhuri. Siku moja mhudumu mmoja alimjibu mwenzetu kwa ukali mbele za watu, "Mlikuwa wapi siku zote?" Lilimuuma, akataka kurudi nyumbani, tukamzuia kwa kumshika baibui. Na mwezi wa pili amlodipini haikuwepo.

Hapo zamani tungesema, tulijua tu. Safari hii tulikuwa tumefundishwa na yule mteja wetu kuuliza kitu kimoja: jina la dawa yenyewe, siyo jina la boksi. Wakatuandikia kwenye daftari, na idadi ya miligramu. Tukaenda duka la dawa, muuzaji kwanza akashusha lile boksi la picha ya moyo. Tukamwonyesha daftari, tukamwambia tunataka hii iliyoandikwa, ya kampuni yoyote ilimradi imesajiliwa na tarehe haijapita. Akaenda nyuma, akarudi na vidonge vya mwezi mzima kwa elfu 6. Ya siku kumi tuliilipia elfu 42, mnakumbuka. Wa mkasi alisimama pale akahesabu kwa vidole mpaka muuzaji akamuuliza kama kuna tatizo.

Tulikuwa tumenuniana, hili hatukulisema. Baada ya siku ile ya sakafuni wa mkasi alimwambia wa ovaloki maneno makali, kwamba tumetoa pesa za mashine na yeye akaacha dawa makusudi. Na wa ovaloki akajibu kwamba hakuomba atolewe pesa. Siku tatu kibandani hakuna salamu, mashine tu zinalia, na wateja mlikuwa mnaingia mnauliza kuna msiba? Ugomvi haukuwa wa pesa peke yake. Kila mmoja alikuwa ameogopa na hajui pa kuiweka hofu yake. Lile pazia ndilo lililoumaliza, hakuna aliyeomba msamaha kwa mdomo.

Kilichofuata ni kopo. Kopo la maziwa ya unga, limetobolewa kifunikoni, linakaa kwenye kabati la nyuzi. Kila siku ya kazi kila mmoja anatia 500. Watatu kwa siku 26 ni 39,000 kwa mwezi. Si bima, na hatujidanganyi kwamba litalipa upasuaji. Ni la nauli ya wilaya, la dawa zinapokosekana kituoni, la daftari, la chai ya aliyeamka saa kumi na moja kuwahi namba. Miezi mingine halitoki hata nusu. Tumekubaliana halikopwi, hata kwa vitambaa. Wa mkasi ndiye mwenye ufunguo wa kabati na hapo hapana mchezo.

Na yule muuguzi wa kituo, alipoona tunakuja watatu kila mara kumsindikiza mmoja, akasema na nyinyi kaeni hapo mpimwe. Tukakaa. Unakaa dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, wanapima mara mbili. Kukaa dakika tano bila kuzungumza kwa sisi watatu ilikuwa ndio kipimo chenyewe. Mmoja wetu akatoka 118 kwa 76, mashallah. Mwengine 138 kwa 88, na 140 kwa 90 ndipo wanapoanza kuita presha, kwa hiyo amepewa onyo na tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu. Nani ni nani, mtajaza wenyewe.

Wakatuuliza chumvi. Kwa siku nzima mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai, na humo imo ile iliyokwishaingia kwenye chakula usiyoiona. Tukaanza kuhesabu: urojo wa jioni, achari, vidonge vya mchuzi, ng'onda. Ng'onda peke yake ni kijiko. Hatukuacha ng'onda, jamani, tusidanganyane kwenye mwezi mtukufu wala nje yake. Tunamloweka usiku kucha na kumwaga maji mara mbili, na vidonge vya mchuzi tumeviacha kwenye rafu za duka.

Jengine walilotuambia ni kipimo cha shingo ya kizazi, kile cha kupaka siki. Wanawake kuanzia miaka 30 ndio hasa wanaohimizwa, na sisi wote tumeshaivuka. Pale kituoni kwetu hakifanywi, tuliambiwa twende wilaya siku yake. Tulizungushana wiki nne, mara nguo za watu, mara hedhi, mara mvua. Aliyetupima ni mwanamke mwenzetu, amefunga mlango na pazia, na haikufika hata muda wa kutia uzi kwenye sindano. Tulipotoka tulicheka njia nzima kama wasichana, kwa haya na kwa kupumua.

Kama hujui kituo chako ni kipi, muulize sheha, au wale wahudumu wa Jamii ni Afya wanaopita majumbani na simu zao kuuliza habari za wajawazito na watoto. Kwetu dada huyo alikuwa anapita miaka yote na sisi tunamjibu kutoka dirishani kwamba hakuna mjamzito humu. Siku hizi anaingia ndani, anakaa kwenye kigoda cha wateja, na sketi yake ya mwisho tumemshonea kwa bei ya uzi.

Tarehe ya wa ovaloki ni kila Jumatano ya pili ya mwezi. Anatoka kwao alfajiri na daftari lake kwenye mfuko wa nailoni lisilowe, sasa liko la pili, la kwanza limejaa. Sisi tunafungua kibanda saa mbili na mashine yake tunaifunika kanga mpaka arudi, kwenye saa nne hivi. Kwa hiyo ukija na kitambaa chako Jumatano ya pili asubuhi tutakupima na tutakata, lakini kupindwa usubiri.